Mikono ya Watu

Mpwa wangu hakuwahi kuwa na nywele mpaka alipotimiza miaka 19. Hakuwa mgonjwa, alikuwa mwanafunzi. Katika shule nyingi za Rwanda watoto hunyolewa, wa kike kwa wa kiume, kuanzia darasa la kwanza hadi mtihani wa mwisho wa sekondari, na nyumbani kwa dada yangu Jumapili ya kufunga likizo ilikuwa siku ya mashine. Watoto wanne walipangwa kwenye benchi la kinyozi, wa kwanza akitoka anawacheka waliobaki, na huku kichwa chake kinang'aa kama kibuyu. Waswahili walisema mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Pale kwenye benchi hakuna aliyehitaji kukumbushwa.

Mtihani wa mwisho ulipokwisha akakaa nyumbani kusubiri matokeo, na kusubiri nywele. Kila asubuhi alisimama mbele ya kioo akizipima kwa vidole viwili: bado hazishikiki. Zilipoanza kushikika akaja kwangu na ombi ambalo bila shaka alikuwa amelikariri njia nzima. "Mama mdogo, naomba elfu tano za kusuka." Nikampa. Jioni alirudi na mistari myembamba inayokwenda kisogoni, macho yamevutwa kidogo kwa maumivu, na anatembea kama mtu aliyejitwika mtungi. Kwa saa nne nzima mtu mzima alikuwa ameshughulika na kichwa chake yeye peke yake. Kwao wamezaliwa wanne. Sidhani kama kitu kama hicho kilikuwa kimewahi kumpata.

Saluni yake aliifungua akiwa na miaka 23, Machi 2025, hapahapa Nyamirambo, Kigali. Akiulizwa kwa nini saluni, hujibu habari za soko na mahitaji ya wateja, maana alisoma uhasibu na anajua jibu wanalolipenda wanaouliza. Mimi naamini ilianza na ile elfu tano.

Kichwa cha Mnyarwanda, hata hivyo, hakijawahi kuwa mali ya mwenyewe moja kwa moja. Zamani kulikuwa na amasunzu, nywele zilizochongwa na kuachwa zisimame kama mwezi mchanga, za wasichana ambao bado hawajaolewa na za vijana wa kiume pia. Ukimwona binti mwenye amasunzu ulijua kwamba anaposeka, huna haja ya kuuliza kwa watu. Akishazaa alivikwa urugori, utepe wa bua la mtama uliozunguka kichwa, na kila aliyekutana naye njiani alijua anamsalimia mama. Lupita Nyong'o alipokwenda kwenye tuzo za Oscar mwaka 2018 na nywele zilizobuniwa kutokana na amasunzu, mtaani kwetu tuliirusha picha ile simu kwa simu kama picha ya ndugu aliyefaulu mtihani. Kisha ikaja shule na mashine yake, ikavisawazisha vichwa vyote. Kati ya mashine ya shule na mambo ya ndoa kuna miaka michache ambayo kichwa ni cha msichana mwenyewe. Biashara ya saluni imesimama juu ya miaka hiyo michache, pamoja na sisi kina mama tunaolipa ili tuirudie.

Na saluni hapa si haba. Anza kutembea kutoka Biryogo, ufuate barabara kuu mpaka uwanja wa mpira, ule ambao tangu 2023 unaitwa Pelé na ambao wengi wetu bado tunauita Nyamirambo tu. Utapita mafundi cherehani, maduka ya simu, migahawa ya chapati na chai, na kati ya kila viwili vya hivyo utakuta mlango wenye picha ya mwanamke aliyegeuza shingo. "Saluni nyingine ya nini?" nilimuuliza. Akanijibu, "Mama mdogo, simu mtu hununua mara moja kwa miaka mitatu. Nywele zinaota." Sikuwa na la kusema. Nilikuwa nimekwenda kumkatisha tamaa, nikaondoka nimemwahidi faranga 300,000.

Fedha nyingine zilitoka kwenye ikimina cha mama yake, ule mchezo wa kuchangiana ambao Watanzania wanauita upatu. Habari za benki alizijua vizuri kuliko mimi. Kuna mfuko wa BDF, ulioanzishwa 2011, ambao kwa vijana na wanawake unaweza kubeba hadi asilimia 75 ya dhamana ya mkopo. Asilimia 75 si mchezo, na ukiisikia kwenye semina unaona mlango uko wazi. Ila mpwa wangu alipiga hesabu ya robo iliyobaki, na kila alivyoipiga ilitoka nyumba ya mama yake. Akafunga daftari. Wapo watakaosema aliogopa. Mimi nasema mtoto aliyesoma uhasibu, akaelewa alichosoma, ataogopa mahali panapostahili.

Kuandikisha biashara ndilo lilikuwa jambo jepesi kuliko yote. RDB, Bodi ya Maendeleo ya Rwanda, haitozi kitu, mambo yote huenda mtandaoni, na cheti kilimfikia kwenye simu siku ileile. Akakichapisha, akakitia fremu, akakitundika. Kwa karibu wiki nzima chumba kile kilikuwa na cheti ukutani na ufagio mlangoni, bila kiti wala kioo, kwa sababu faranga 450,000 zilikuwa zimekwenda kwa mwenye nyumba, kodi ya miezi mitatu, kabla hajagongelea hata msumari. Kisha vitu vikaja kimoja kimoja: vioo viwili, viti vitatu, sinki la kuoshea, tangi la maji la siku ambazo bomba linakauka, mashine ya kukaushia nywele. Hiyo ya mwisho huku kwetu, kwa ajili ya Kifaransa, tunaiita kasike. Kofia ngumu ya abiria wa pikipiki nayo ni kasike. Chombo kinachozitengeneza nywele na chombo kinachoziponda vina jina moja, na Kigali huwezi kupanda pikipiki bila cha pili. Ndiyo maana ukimwona mwanamke Jumamosi jioni anapanda mlima kwa miguu, akiwa amevaa vizuri na kupitwa na pikipiki tupu kumi, usimhurumie. Ametoka saluni.

Sasa nimefika mahali nilipotaka kufika tangu mwanzo. Mpwa wangu hakujua kusuka.

Angejulia wapi? Ususi msichana huanza kuuonja utotoni, kwenye kichwa cha mdogo wake au cha mwanasesere, na yeye alikulia kwenye nyumba ya vipara. Alijua bei ya meshi, zile nywele za bandia ambazo Dar es Salaam wanaziita rasta. Alijua saa ambazo wafanyakazi wa mjini wanarudi. Alijua kwamba mteja asiyepewa pa kuchajia simu hatakaa saa nne. Vyote hivyo ni kweli na vyote ni muhimu. Lakini Kiswahili kina neno msusi, na kina neno kinyozi, na kwa yule mwenye chumba hakina neno. Lazima useme mwenye saluni. Lugha yenyewe imemwacha nje ya ufundi, imempa umiliki tu.

Akatafuta wasusi wawili. Mmoja alikuwa dada mdogo wa umri, bado anajifunza. Wa pili alikuwa kijana wa kiume kutoka Bukavu. Mgeni wa Tanga au Mombasa hushtuka akimwona mwanamume amemshika mwanamke kichwa anamsuka, lakini Kigali tumezoea zamani. Wakongo wana jina katika kazi hii, na saluni ikiwa na Mkongo hulisema hilo hata kabla ya kutaja bei. Yule kijana alikuwa na vidole virefu na maneno machache. Kabla hajakugusa alikutazama kwenye kioo, si usoni, juu kidogo ya paji, pale nywele zinapoanza na pale kwangu zinapoanza kuisha. Siku ya kwanza aliniambia, "Mama, hapa mbele nisikuvute. Walikuvuta sana." Hakuna daktari aliyewahi kuniambia habari za mwili wangu kwa adabu kama ile.

Masharti yalikuwa nusu kwa nusu, kama desturi ya saluni nyingi: kila kichwa, nusu ya fedha ya msusi, nusu ya chumba. Ndani ya nusu ya chumba kuna kodi, umeme, maji, sabuni, na mpwa wangu mwenyewe, wa mwisho kwenye foleni.

Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya kiti. Hili halimshangazi anayeijua Nyamirambo. Mjerumani Richard Kandt alipoanzisha Kigali mwaka 1907, Waislamu wa pwani, wafanyabiashara na askari, walikuja na msafara ule wa Wajerumani na lugha yao mdomoni. Msikiti wa Al-Fath ulijengwa 1913. Wabelgiji walipochukua nchi wakawatengea watu hao makazi yao, yakaitwa Kambi ya Waswahili. Kwa muda mrefu Mswahili hapa halikuwa neno la sifa. Bunge lilikifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017, baada ya Nyamirambo kukitumia kwa karibu miaka mia moja bila ruhusa ya mtu. Kwa hiyo kijana wa Bukavu aliyefika mtaani hakufika ugenini kabisa. Aliposema "kuya" badala ya "kuja" wateja walicheka, wakamjibu. Machi ile ilikuwa ni wiki chache tu baada ya vita vya Goma na Bukavu, mama yake alikuwa kulekule, na redio ikitaja majina hayo vidole vyake vilisimama juu ya kichwa cha mtu, kidogo tu, kisha vikaendelea. Hakuna aliyemuuliza. Wanasema saluni ni mahali pa umbea. Ni kweli, lakini nimejifunza pia kwamba hakuna mahali ambapo watu wanajua zaidi nini kisitajwe.

Mlango ulifunguliwa katikati ya Ramadhani. Mchana palikuwa kimya. Baada ya tarawehe wanawake wakaanza kuja, na kadiri Idi ilivyokaribia ndivyo walivyokuja wengi, hadi usiku wa kuamkia sikukuu ambapo hakuna aliyefunga mlango wala aliyelala. Watoto walisinzia kwenye mapaja wakisubiri zamu. Mimi nilipika chai mara tatu. Katika wiki zile mbili mauzo yalipita 700,000, na mpwa wangu, mhasibu, akafanya kosa ambalo hata mimi nisiyesoma hesabu ningelikwepa: akazidisha kwa ishirini na nne. Alinionyesha kwenye simu. Kwa hesabu ile angepita milioni 12 kwa mwaka, atoke kwenye kundi la wafanyabiashara wadogo wanaolipa kodi ya kiwango maalumu, aingie kwenye lile la asilimia 3 ya mauzo. Alikuwa na wasiwasi kweli. Usiku ule hakulala akifikiria kodi ya fedha ambazo zilikuwa bado vichwani mwa watu.

Kisha ikaja Aprili.

Tarehe 7 nchi huanza kuomboleza wahanga wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, na wiki ile hakuna harusi, hakuna muziki, hakuna anayekwenda mahali pa kupendezeshwa. Hakuna Mnyarwanda asiyejua hilo. Mpwa wangu alizaliwa baada ya 1994, ameikuta wiki hiyo kila mwaka wa maisha yake, amesimama shuleni na mshumaa. Ila hakuwa amewahi kuitazama kwa macho ya mwenye kodi ya chumba. Na hapo palikuwa na aibu ambayo haisemwi kwenye semina yoyote: kukaa kwenye mlango wa duka tupu katika wiki ya huzuni ya watu wote, ukatamani wateja, ukajichukia kwa kutamani. Wachache waliokuja walitaka mistari ya kawaida tu, ya haraka. Pwani kuna msuko wa zamani unaoitwa twende kilioni, wa mtu ambaye hana muda wa kujipamba kwa kuwa kuna msiba unamngoja. Nilimtajia jina hilo. Hakucheka, akasema, "Basi wiki hii tumesuka huo."

Wiki ile iliingiza faranga 31,000. Nusu yake ni 15,500. Yule kijana wa Bukavu naye alipata nusu ya kitu kilekile, na hakuwa na mama mdogo wa kumpikia. Mpwa wangu alimpa fedha ya chakula kutoka kwenye akiba ya kodi na hakuiandika mahali. Nililijua hilo baadaye, kwake yeye kijana.

Nimehudhuria mikutano miwili mitatu ya kuwahamasisha vijana kujiajiri. Wanapewa kalamu, wanapewa soda, wanaambiwa jiajiri uwe bosi wa nafsi yako. Sijawahi kumwona mtu mwenye mabosi wengi kuliko mpwa wangu miezi ile. Mwenye nyumba alikuwa bosi wake, na umeme, na mteja anayefika saa moja baada ya miadi, na Jumamosi ya mwisho wa mwezi ambapo nchi yote iko kwenye umuganda, ile kazi ya pamoja ya jamii, na mlango haufunguki mpaka karibu saa sita mchana, siku ambayo ndiyo ya harusi. Bosi mkubwa kuliko wote alikuwa yule msusi, ambaye kwenye karatasi ndiye aliyekuwa mwajiriwa. Hawakugombana hata mara moja. Alijua tu, kila jioni kijana yule alipoaga na kushuka ngazi, kwamba thamani yote ya saluni imetoka mlangoni ikiwa imetia mikono mfukoni.

Mtaani kwetu kuna kituo cha wanawake, Nyamirambo Women's Center, kilichoanzishwa na wanawake 18 mwaka 2007, ambacho huwatembeza wageni mtaani, na saluni ni mojawapo ya vituo. Kwa hiyo wazungu wenye kamera si ajabu kwetu. Siku moja wawili waliokuwa wakizunguka wenyewe walichungulia kwa mpwa wangu, wakauliza mwenye saluni ni nani. Mteja aliyekuwa kitini, bila nia mbaya, akanyoosha kidole kwa msusi. Mpwa wangu alikuwa amesimama palepale na ufagio. Akatabasamu, akaendelea kufagia.

Akajaribu kutafuta kitu ambacho hakishuki ngazi jioni. Rafu. Mafuta ya nywele, shampuu, rangi: chupa hulala ulipoiacha. Mwanamke mmoja alimletea begi la krimu za kujichubua, mukorogo, faida mara mbili ya mafuta ya kawaida. Tangu mwisho wa 2018 serikali inazikamata krimu zenye hidrokwinoni na zebaki, na hata isingezikamata, mpwa wangu ni mweusi kama mimi na hakuona namna ya kumuuzia mtu dawa ya kumkataa yeye mwenyewe. Akamrudishia begi. Vipodozi vya halali navyo, mwaka huohuo wa 2025, vikaletewa ushuru wa asilimia 15. Rafu ipo, ina chupa sita.

Julai mambo yakatengemaa. Harusi zilirudi, ndugu wa Ulaya na Marekani wakaja likizo na vichwa vyao vilivyokosa msusi mwaka mzima. Mwisho wa mwezi ule, Jumapili, kijana wa Bukavu akamwambia mpwa wangu kwamba amepata kiti kwenye saluni kubwa ya Remera, mtaa mwingine wa Kigali, kwamba ataondoka baada ya wiki mbili, na kwamba anamshukuru kwa Aprili. Aliondoka kwa heshima zote. Ndani ya simu yake yalikuwa majina ya wateja karibu wote.

Watu walisema ni usaliti. Dada yangu alisema angemfunga kwa mkataba. Mume wake akasema namba zile zilikuwa za saluni, alipaswa azifute. Mimi nilikasirika kuliko wote, maana laki tatu zangu zilikuwa ndani ya vioo vile na nilikuwa nimerudishiwa 120,000 tu. Ila nilipotulia nikajiuliza: namba ya mtu ambaye umemshika kichwa kwa saa tano ni mali ya nani? Kiti kilikuwa cha mpwa wangu. Maumivu madogo ya kwenye paji, hadithi ya mume anayechelewa, ile sehemu ya nyuma ya sikio isiyotaka kuguswa, vyote hivyo alivijua kijana. Mkataba ungeandika nini? Wateja hawaendi saluni, wanaifuata mikono.

Nina ushahidi. Agosti nilikwenda Remera.

Sikumwambia mtu. Kulikuwa na posa ya binti wa rafiki yangu, na yule dada aliyebaki alikuwa bado hajui kugawa mistari ya mbele, na nilikuwa na hofu kwa hizi nywele zangu chache. Hizo ndizo sababu, na zote ni za kweli, na nilizipanga ndani ya basi kama mtu anayekwenda mahakamani. Kijana akanipokea kwa furaha, akanitazama kwenye kioo, juu kidogo ya paji. "Mama, hapa mbele bado nisikuvute." Nililipa mara moja na nusu ya bei ya Nyamirambo. Nilipotoka giza lilikuwa limeshaingia, mvua inanukia, nikapanda pikipiki, nikavaa kasike juu ya kazi ya saa tatu.

Kesho yake nilipita saluni nikiwa nimejifunga kitambaa. Mpwa wangu alinisalimia, akaniletea kiti, akatazama kwenye shingo, mahali ambapo kitambaa kiliishia na nywele mbili tatu zilikuwa zimechomoza. Sikujua kwamba msuko una mwandiko. Kila msusi ana namna yake ya kumalizia ncha, na mtu aliyefagia chini ya mikono ile karibu miezi mitano aliusoma mwandiko kwa mbali. "Alikupunguzia bei?" akaniuliza. Nikasema hapana. "Ningejua ningempigia akupunguzie," akasema, akarudi kwenye daftari lake.

Septemba mbio za baiskeli za dunia zilikuja Kigali. Wiki nzima barabara zilifungwa na kufunguliwa kwa zamu, shule zikafungwa, na mteja aliyetaka kufika kwetu kutoka ng'ambo ya mji alihitaji ramani na subira. Saluni nyingi ziliandika hasara. Mpwa wangu alinunua kichwa cha plastiki chenye nywele, kile cha wanafunzi wa ususi, akakifunga kwenye ukingo wa meza, na yule dada aliyekuwa bado anajifunza akawa ndiye mwalimu. Kinyozi hajinyoi, lakini mwenye saluni asiyejua kusuka hata wenzake hawezi kuwasuka, na hilo lilikuwa limemchosha. Nilipita siku ya Jumatano nikamkuta anafumua. Alhamisi anafumua. Ijumaa alikuwa amefika kisogoni, akafumua.

Jumapili tarehe 28 wanaume walikuwa wanashindana, na njia yao ilipanda Mlima Kigali. Mtaa mzima ulihamia kando ya barabara, watoto juu ya kuta, wazee na redio. Jioni watu waliporudi majumbani na sauti zimewakauka, nilimkuta amefunga nusu ya mlango. Akatandika mkeka. Viti vyake vitatu alivilipia mwenyewe, na bado akatandika mkeka, akakaa kwenye kigoda, akaniambia nikae chini. Sijakaa kati ya magoti ya mtu tangu mama yangu alipofariki. "Mama mdogo, nikikuvuta sema."

Alianzia mbele, pale pagumu. Mikono yake ilikuwa ya baridi na ilitetemeka kidogo, na alikuwa anahesabu kwa mnong'ono kama anayejumlisha. Mstari wa kwanza ukaenda. Wa pili ukaenda. Wa tatu nikahisi kitana kinapotea njia karibu na sikio, kinarudi, kinapotea tena.

"Umepinda?"

"Sina macho kisogoni, mwanangu."

Akafumua, akaanza upya. Alifumua mara tatu. Ilikuwa inakaribia saa nne usiku aliponipa kioo kidogo cha mkononi, akanishikia kingine nyuma. Mistari kumi na mmoja. Wa tatu ulikuwa na kona, na wa saba ulimezwa na wa nane. Mbele hakunivuta hata kidogo.

Nje kijana wa pikipiki alikuwa ananingoja, injini inanguruma, amenyoosha mkono wenye kasike. "Mama, tugende?" Nikamwambia hapana, natembea. Nikaanza kupanda mlima. Akanifuata taratibu kwa umbali, taa imewashwa, akidhani nabishania bei.